Keekee ya Watu Wawili

Injini ilikaa kwa Marlys. Chuma kilikaa kwa Ardis. Ndivyo ilivyokuwa tangu nywele zao zilipokuwa bado na rangi, na hakuna mtu katika mji wa Brandt aliyeona ajabu tena. Ukitaka kutoboa barafu ya Ziwa Tamaraki, ile ya Januari inayobeba malori, unahitaji keekee yenye vyote viwili: injini ya petroli ya kushikwa kwa mikono miwili, na kile chuma kirefu kilichojiviringa kama skrubu, chenye visu chini. Kimoja bila chenzake ni takataka tu. Kwa hiyo Marlys hakuweza kwenda kuvua bila Ardis, na Ardis hakuweza kwenda bila Marlys, na kila Jumamosi ya majira ya baridi mmoja wao alivuka barabara kumfuata mwenzake.

Chanzo cha yote ni adabu. Watu wa kaskazini ya Minnesota wana adabu ya kuua mtu, nawaambieni. Ukimkaribisha keki atakataa mara mbili huku mate yanamdondoka, na ukikosa kumkaribisha mara ya tatu atarudi kwake na njaa na hatakusamehe mpaka Pasaka. Ukimuuliza hali wakati mguu umevunjika, atakwambia si mbaya sana. Nawapenda, nimezeeka nao, lakini kuna siku natamani kuwatikisa mabega.

Mwaka yalipoanza haya waume zao, Roy wa Marlys na Clifford wa Ardis, walikuwa wakienda ziwani peke yao na redio yao na chupa yao, jioni wanarudi na ndoo ya samaki ili wake zao wapare magamba. Marlys alikuwa mpishi wa shule, mwenye mikono iliyozoea kukoroga masufuria makubwa. Alichoka. Ardis, jirani wa ng'ambo ya barabara, alikuwa akipeleka barua kwa gari huko mashambani, iwe theluji isiwe theluji. Naye alichoka. Kila mmoja alitaka kwenda kuvua mwenyewe, lakini hawakuambiana. Basi kwenye mnada wa kanisa ikatolewa keekee ya barafu, ya petroli, karibu mpya, na bei ikaanza kupanda kwa kasi isiyo ya kanisani. Marlys amekaa mbele, kila akiinua mkono kuna mtu wa nyuma naye anainua. Akageuka kumtazama huyo mshenzi ni nani. Alikuwa Ardis, amesimama karibu na birika la kahawa, uso mwekundu.

"Jamani, samahani," alisema Marlys. "Chukua wewe."

"Hata! Mimi nilikuwa napunga mkono tu. Chukua wewe."

"Mimi ya nini? Chukua, Ardis."

Wakaishia kulipa nusu kwa nusu. Ikabaki nani aende nayo nyumbani. Hapo ndipo balaa lilipokuwa. Walisimama nje ya kanisa, kwenye baridi inayogandisha kope, kila mmoja akimsukumia mwenzake ile mashine, mpaka mchungaji aliyetaka kufunga mlango na kwenda kula akaishiwa uvumilivu. Akainama, akachomoa pini inayoshika injini na chuma, akampa huyu kipande na yule kipande, akasema, "Mungu awabariki, usiku mwema," akazima taa.

Ndoa nyingi zimefungwa kwa maneno mengi zaidi na hazikudumu hivyo.

Utaratibu ulijitengeneza wenyewe. Aliyekuwa na hamu ya ziwa ndiye aliyevuka barabara na kipande chake. Ardis alikuja na chuma begani, akigonga ngazi ya Marlys kwa ncha yake, ngo, ngo, mpaka ubao ule ukawa na shimo. Marlys hakuweza kugonga, injini ilikuwa nzito na mikono yote miwili imejaa, kwa hiyo alipiga mlango wa Ardis teke. Ardis alipiga kelele kutoka ndani kila mara, miaka yote hiyo: "Mlango huo una kengele, wee mwanamke!"

Walivua pamoja Roy alipokuwa hai na wakavua pamoja alipokufa. Wiki ile ya mazishi watu walileta vyakula vya kuoka mpaka friji ikakataa kufungwa, na kila aliyekuja alisema pole akaangalia zulia. Ardis hakuleta chakula. Alikuja asubuhi na mapema akagonga ngazi kwa chuma. Marlys akavaa suruali ya theluji ya marehemu, wakaenda, wakatoboa mashimo mawili, wakakaa kwenye ndoo zao mpaka jua likashuka, na Ardis hakusema lolote ila, "Vuta, samaki wako anakula." Clifford alipofuata baada ya miaka kadhaa, Marlys naye alijua la kufanya. Alipiga teke mlango.

Na kucheka walicheka. Kuna mwaka Ardis alinasa samaki mkubwa kuliko tundu. Kichwa kilikuja, mabega ya samaki yakagoma. Ardis akalala kifudifudi, akatumbukiza mkono mpaka kwapani kwenye maji yale, akamshika shavu, akawa anamtukana kwa Kinorwe cha bibi yake. Marlys alikuwa amekaa chini kwa kicheko, hana msaada wowote.

"Nisaidie, shetani we!"

"Msukume arudi, akapunguze mwili!"

Samaki alikwenda zake. Mpaka leo Marlys akimuona Ardis anaongeza siagi kwenye mkate humwambia angalia, utakwama.

Sasa, Desemba hii injini ilikufa. Marlys alivuta kamba mpaka bega likapiga kelele. Ardis naye akavuta. Ikatoa moshi mweusi, ikakohoa, ikanyamaza. Wakaipeleka kwa Duane, mwenye duka la zana za uvuvi pale njia panda, duka pekee mjini. Duane aliifungua, akaiangalia kwa heshima, akasema vipuri vyake havitengenezwi tena popote.

"Lakini msijali, mama zangu," alisema. Alikuwa mtu wa makamo mwenye ndevu nyekundu, na alikuwa amekula wali wa maziwa wa Marlys utoto wake wote. "Njooni muone vitu vya siku hizi."

Akazipanga keekee mbele yao. Kulikuwa na ya petroli, kubwa, ya kutoboa tundu la inchi kumi. Ardis alijaribu kuinyanyua akairudisha.

"Hii ni ya kuchimbia kaburi," alisema.

"La nani?" alisema Marlys.

"La atakayeibeba."

Kulikuwa na ya gesi, ile ya mitungi midogo. Haina harufu, lakini bado ina kamba ya kuvuta, na Marlys alilishika bega lake. Kisha Duane akaleta ya betri. Inchi nane. Akaibonyeza kitufe pale dukani, ikazunguka kwa mlio mdogo wa mashine ya kukorogea keki. Akampa Marlys. Marlys aliishika kwa mkono mmoja. Mkono mmoja! Aliigeuza, akavigusa visu vyake kupitia kifuniko, akaangalia ile swichi ya kuirudisha nyuma ili itapike barafu iliyosagika. Hakuwahi kushika kitu chepesi hivyo chenye nguvu hivyo.

"Cha kuangalia ni betri tu," alisema Duane. "Usiiache garini wala gereji, baridi inaiua. Ilale ndani kwenye joto, na njiani uiweke ndani ya koti. Na uzuri wake, mama, ni hivi: haihitaji watu wawili. Kila mtu anachukua yake, anakwenda anapotaka, saa anayotaka. Hakuna kumsubiri mtu."

Duane, maskini, hakujua amesema nini.

Marlys alimtazama Ardis kwa pembe ya jicho. Ardis alikuwa akichungulia kabati la ndoano kana kwamba hajawahi kuona ndoano. Nyonga yake ilikuwa mbovu tangu vuli. Kuvuka barabara ile yenye barafu na chuma begani kulikuwa kunamtoa machozi, Marlys alimuona dirishani akisimama katikati kupumua. Labda amechoka, aliwaza Marlys. Labda miaka yote hii anavuka kwa sababu hana njia, chuma kiko kwake na injini iko kwangu, na mtu mwenye adabu hawezi kusema imetosha. Moyo ulimuuma. Lakini akataka kumfungulia mwenzake mlango wa kutokea, ndiyo tabia yake, akasema:

"Si wazo baya."

Ardis aliliacha lile kabati. Kisha akasema, "La, si baya hata kidogo."

Wakanunua visamaki vya chambo ambavyo hawakuwa na la kuvifanyia, wakarudi. Garini walizungumzia upepo. Walipofika, Ardis alipiga goti lake kwa kiganja akasema, "Haya basi," akashuka. Siku zote baada ya "haya basi" huwa kuna nusu saa ya maongezi mlango wazi na joto lote linatoka. Siku hiyo alishuka tu.

Jumamosi ngazi haikugongwa.

Marlys aliamka mapema akapika kahawa ya watu wawili, kwa mazoea. Akanywa kikombe chake. Akanywa na cha pili. Mwanawe Craig alipiga simu kutoka mji mkubwa anakoishi, akasikiliza habari za keekee, akasema, "Basi nunua ya kwako, mama, kuna shida gani? Ya nini kumtegemea mtu?" Alikuwa kijana mwema na alisema kwa wema. Marlys akajibu kwamba si wazo baya. Neno lile lilikuwa limeanza kumtia kichefuchefu.

Jumatatu, akiosha vyombo, aliliona gari la Ardis linaingia. Ardis alishuka polepole, akafungua mlango wa nyuma, akatoa boksi refu lenye picha ya keekee. Akalikokota mpaka ndani. Hakutazama upande wa Marlys hata mara moja.

Ehee. Kumbe.

Marlys alisimama pale na sahani mkononi maji yakapoa. Sitaki kusema alilia. Alikuwa mwanamke wa damu ya Kinorwe na sinki lilikuwa mbele yake, basi nani ajue maji yapi ni yapi. Lakini alihisi kuachwa, kweli kweli, kama alivyohisi siku walipolitoa kabati la nguo za Roy na chumba kikabaki kikubwa. Roy alikufa, hakuwa na hiari. Huyu amekwenda dukani kwa hiari yake mwenyewe.

Akakasirika, na hasira ilimsaidia. Akavaa koti. Akaingia gereji, akaitazama injini mfu juu ya meza yake, akaiambia, "Na wewe!" Kisha akawasha gari akaenda mpaka kwa Duane kununua yake. Atavua peke yake. Atakwenda upande wa pili wa ziwa kabisa, kwenye mitete, na atavua samaki wengi kuliko yule, na hatampelekea hata mkia.

"Ile ya betri," alimwambia Duane kabla hajafunga mlango.

Duane alimtazama kwa namna ya ajabu. "Ile ya inchi nane?"

"Kwani ulinionyesha ngapi?"

Duane akaenda kulitoa boksi, taratibu, miguu inaburuta kama mtoto aliyetumwa asikotaka. Akaliweka kaunta. Akalifuta vumbi ambalo halikuwepo. Akaanza kueleza tena habari za betri, kwamba isilale nje, kwamba ikae kwenye joto.

"Ulishaniambia, Duane."

"Ndiyo, mama." Akakohoa. "Na... mengine yote salama? Hakuna unachotaka kuuliza?"

"Niulize nini?"

"Chochote tu. Watu huuliza."

Marlys alifungua pochi. Vidole vilikuwa vimekamata kadi yake, na kadi imeshatoka nusu. Aliangalia boksi lile, jipya, zima, vipande vyote ndani, lisilohitaji mtu mwingine. Akaona Jumamosi moja baada ya nyingine zikimsubiri: yeye na sleji yake ya kuburuta kwenye theluji, yeye na ndoo yake, na kule mbali kwenye weupe kitone kimoja kilichokaa, ambacho ni Ardis, na hawapungiani mikono. Alikuwa na miaka sabini na kitu. Alikuwa hajawahi kumuuliza mtu yeyote jambo la moyoni bila kulizungusha kwanza mara tatu. Hata Roy, Marlys hakumuuliza kama anampenda. Alimpa viazi zaidi. Lakini safari hii adabu haikuwa na nguvu ya kumzuia.

"Ardis alikuja hapa," alisema.

Duane aliganda. "Alikuja."

"Akanunua kama hii."

"Alinunua."

"Sasa anakwenda na nani?" Sauti ilimtoka nyembamba na ya aibu, akaendelea hivyo hivyo. "Ziwani, nauliza. Nyonga yake mbovu. Akianguka huko nani atamuinua? Niambie, Duane, alisema anakwenda na nani? Alisema amenichoka? Kama alisema, niambie tu, mimi ni mtu mzima."

"Afadhali!" alisema Duane, na akapiga kaunta kwa kiganja mpaka ndoano zikaruka. "Asante Mungu! Mama, mimi sifai kwa siri, nimekonda!" Akainama chini ya kaunta. Akaibuka na kitu kilichofungwa kwenye soksi ya sufu ya kijivu, soksi nene ya mtu mzima yenye kiraka cha buluu kisiginoni. Marlys aliijua soksi ile. Yeye ndiye aliyeitia kiraka.

"Alitaka nimuuzie keekee bila betri," alisema Duane. "Nikamwambia haiuzwi hivyo, vinakuja pamoja. Akalipa, akafungua boksi hapa hapa, akaitoa betri, akavua kiatu, mama, hapa kwenye kaunta yangu, akaitia kwenye soksi. Akasema, 'Ikae hapa kwenye joto. Marlys akija kununua yake, muuzie, wala usimwambie neno, ujue amechagua, nami nitakuja kuichukua. Lakini akiniulizia, mpe.' Nikamwambia, si umpigie simu? Akaniambia sitaki kumlazimisha mtu."

Marlys alilisukuma lile boksi jipya likarudi upande wa Duane.

Hakumbuki alivyoendesha. Anakumbuka kwamba betri ilikuwa ndani ya koti, chini ya sweta, kwenye ngozi ya tumbo kabisa, na ilikuwa baridi mwanzoni ikaacha kuwa baridi. Aliegesha kwake, akavuka barabara kwa miguu, maana hivyo ndivyo inavyokwendwa. Mlangoni kwa Ardis mikono yake yote miwili ilikuwa imeshikilia tumbo kama mwanamke mwenye mimba, ingawa betri yenyewe ni ndogo na mkono mmoja ungetosha kabisa kubonyeza kengele.

Akapiga teke.

Ndani kiti kilikwaruza sakafu. Kisha ile sauti:

"Mlango huo una kengele, wee mwanamke!"

Ardis alifungua. Alikuwa na soksi moja ya kijivu na moja nyekundu. Nyuma yake, ukutani, keekee mpya imeegeshwa pembeni ya kile chuma cha zamani, na haina betri. Walitazamana, hewa ya baridi ikiingia ndani bila kuzuiwa.

"Nilidhani umenichoka," alisema Marlys, mzima mzima, bila kuzungusha.

"Wewe ndiye uliyesema si wazo baya!"

"Nilikuwa nasema tu!"

"Na mimi nilikuwa nasema tu! Ulitaka niseme nini, mbele ya Duane?" Ardis alijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Nimekuchoka tangu siku ya mnada, shoga. Sasa ingia, unanigandishia nyumba."

Marlys hakuingia. Alitia mkono chini ya sweta akaitoa betri, ikiwa na joto la mwili wake, akamnyooshea.

"Hata," alisema Ardis, akarudi hatua. "Hiyo inakaa kwako. Ilaze jikoni, karibu na jiko. Mimi nakaa na chuma hiki kipya."

"Lakini nyonga yako, Ardis. Barabara ile."

"Ndiyo maana keekee hii ni nyepesi. Unafikiri niliichagua kwa rangi?"

Marlys akairudisha betri chini ya sweta. Akaangalia juu ya bega la mwenzake, dirisha la nyuma, ambako ziwa lilikuwa jeupe mpaka mwisho na mchana ulikuwa bado mrefu kiasi.

"Leo si Jumamosi," alisema.

"Samaki wanajua?" alisema Ardis, akaanza kutafuta viatu.